Sikio la Nzeve

Katika Kathonzweni nzima kulikuwa na farasi mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa wa Ndeti. Mgeni aliyemwona kwa mbali saa sita za mchana, joto likicheza juu ya mashamba ya mbaazi, alisimama akasugua macho. Alikuwa jike, mweupe, mzee, jina lake Nzeve, yaani hewa, na kusema kweli hakuwa na kazi yoyote ya maana. Punda wa majirani walibeba maji. Nzeve alibeba ndoto za bwana wake tu, na Kavata, mke wa Ndeti, alikuwa amechoka kulisema hilo.

Ndeti alikuwa saisi, mtunza farasi, kwa miaka ishirini kwenye ranchi moja upande wa Makindu. Tajiri wake alipofunga virago mwaka 1968 alimwachia Nzeve akiwa na mimba, na Ndeti akamleta nyumbani kwa miguu, siku mbili njiani. Mtoto alizaliwa pale bomani, mwekundu, akarukaruka wiki nzima. Siku ya nane akakakamaa kama ubao, taya zikafunga, akafa. Ilikuwa pepopunda, iliyoingilia kitovuni. Ndeti alimlia waziwazi, mwanamume mzima, na watu wakamcheka. Tangu hapo alikuwa akimwota. Mtoto yule alikimbia kwenye uwanda usio na mwisho, kwato zisitoe sauti, na Ndeti aliamka viganja vikinukia manyoya.

Ndiyo maana mwaka 1973 alimrudisha Nzeve Makindu kwa dume aliyebaki kule ranchini, akarudi naye akitembea polepole kama anayebeba mayai. Miezi ilipotimia tisa alimwita Mulei, daktari wa mifugo, kijana wa Mbooni mwenye pikipiki na kisanduku cha barafu. Mulei alimpapasa Nzeve tumboni, akatazama meno yake.

"Mzee, huyu amezeeka. Hii mimba ni ya mwisho."

"Najua, daktari. Huyu mtoto nataka aishi."

"Basi tunachanja mama. Mtoto atapata kinga kwa maziwa ya kwanza, ile dang'a. Lakini sindano ni mbili. Hii ya leo inaamsha damu tu. Ya pili, baada ya wiki nne, ndiyo inaleta kinga yenyewe. Hapo katikati asipate kidonda, hata kidogo."

Ndeti alilishika neno hilo kama amri ya kanisani. Aling'oa kila msumari uliochomoza bomani, akafagia miiba, akakunja waya wote akautupa shimoni. Jioni alipitisha mkono kwenye miguu ya Nzeve, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mkwaruzo. Kavata alisema hata yeye hakuwahi kupapaswa hivyo, na wakacheka wote wawili.

Wiki ya nne, siku mbili kabla ya Mulei kurudi, ng'ombe wa kata nzima walikusanywa kwenye josho kuchanjwa. Kila ng'ombe aliyedungwa alikatwa kipande kidogo cha sikio, ili ajulikane. Asiye na alama hakukubaliwa sokoni. Ng'ombe watatu wa Ndeti walitoka na alama zao, na hapo jirani yake Musyoka, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala na njaa, akapaza sauti watu wasikie.

"Na ile farasi yako, Ndeti? Masikio mazima kabisa! Hiyo chanjo tulisikia tu, lakini hatujaiona."

Watu wakacheka. Ndeti alirudi nyumbani uso umemwiva. Alichukua kisu alichochimbia mizizi ya dawa asubuhi, akakipangusa kwenye suruali, akamshika Nzeve kichwa, akamwimbia kidogo, akakata. Nzeve hakusogea. Alimwamini. Ndeti akarudi nyuma kutazama ile alama safi ya pembe tatu kwenye sikio jeupe, na moyo wake ukatulia.

Mulei alipofika alishuka kwenye pikipiki akiwa anatabasamu. Tabasamu likaisha.

"Nani amekata hii?"

"Ni mimi. Alama ya chanjo."

"Si nilikwambia asipate kidonda?"

"Aiya, daktari! Hiyo si kidonda. Hiyo ni alama."

Mulei alilitazama tena lile sikio. Yeye mwenyewe alikuwa Mkamba. Ng'ombe wa baba yake walikuwa na alama masikioni, na hakuna mtu aliyewahi kuziita vidonda.

"Mdudu wa pepopunda anakaa kwa udongo, mzee," alisema taratibu. "Hajui alama. Anajua mlango tu."

Ndeti akakaa chini. Mulei aliliosha sikio, akamdunga Nzeve ile sindano ya pili, akaondoka mbio. Alirudi kesho yake jioni, vumbi mpaka kwenye kope, na kichupa kimoja cha maji ya rangi ya chai nyepesi.

"Hii ni seramu. Kuna farasi mahali, wanachanjwa hivi hivi, mara nyingi, mpaka damu yao inajaa kinga. Halafu wanatolewa damu kidogo, inasafishwa. Ikiwa sumu haijashika mishipa, itamsaidia."

Tangu siku hiyo ndoto ya Ndeti ilibadilika. Aliwaona farasi wengi asiowajua, wa kahawia na weusi, wamesimama kwenye mstari mrefu, kila mmoja akinyoosha shingo na kutoa kidogo alichonacho, bila kuuliza ni cha nani. Nzeve alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Aliamka akiwashukuru kwa sauti, Kavata akimsikiliza gizani.

Mulei alikuwa amemwonyesha namna ya kupima. Unapiga makofi karibu na uso wa mnyama. Ukiona ngozi nyeupe inapita na kufunika jicho, ugonjwa umefika. Siku ya kumi baada ya kulikata sikio, Ndeti alipiga makofi, na ile ngozi ikapita. Nzeve akatetemeka mwili mzima, mkia ukasimama, shingo ikakataa kuinama. Maji yakishamwagika hayazoleki, na Ndeti aliyemwaga hakuwa na wa kumlaumu.

"Kelele itamuua," Mulei alisema alipoitwa. "Mweke gizani, na kimya. Seramu imepunguza makali. Labda atafika siku ya kuzaa."

Kanisa lilikuwa hatua mia moja kutoka bomani, na Kavata ndiye aliyeongoza kwaya. Jumapili alisimama mbele ya watu, mwanamke aliyemsema farasi huyo miaka sita, akaomba waimbe bila ngoma na bila makofi. "Mume wangu, Baba Ndila, anangojea mtoto," alisema. Hata Musyoka hakucheka. Jumapili tatu waliimba kwa sauti ya chini, na nyimbo zilipita juu ya mashamba mpaka kwenye kibanda chenye giza alimowekwa Nzeve, ambako Ndeti alikuwa ameinua karai la maji, usawa wa mdomo usioweza kuinama.

"Nisamehe," alimwambia kila siku.

Mtoto alizaliwa alfajiri. Nzeve alizaa akiwa amesimama, kwa sababu kulala alishindwa. Mulei alikipaka kitovu dawa, Ndeti akamwongoza yule mwekundu mdogo mpaka kwenye chuchu. Nzeve alisimama, miguu imekakamaa, jasho likimtiririka, asisogee hata inchi, mpaka mtoto akanyonya dang'a yote akashiba. Ndipo alipolala chini, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Hakuamka tena.

Walimzika nyuma ya boma. Kavata alimlisha yule mdogo maziwa ya mbuzi kwa chupa, na wala hakulalamika. Musyoka alikuja kutoa pole, akamtazama mtoto, akauliza kwa adabu kama atatiwa alama.

"Hapana," Ndeti alisema. "Huyu tutamjua hivyo hivyo."

Siku ya nane Ndeti hakula. Jua lilipopanda aliingia bomani, akasimama mbele ya mtoto, akainua mikono. Ikakataa kukutana. Akafumba macho yake, akapiga kofi moja.

Alipofumbua, mtoto alikuwa anamtazama. Macho mawili, meusi, wazi kabisa, na masikio mawili mazima yamesimama kumsikiliza. Ndeti akapiga tena. Akapiga tena. Kavata alitoka jikoni mbio akamkuta mumewe katikati ya boma, machozi yakimtoka, akipiga makofi bila kuacha, na yule mtoto akimzunguka zunguka, kwato zake zikisikika.