Fundo la Mgongoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu moja ya mwaka 1968, Sijaona alifika wodi ya wagonjwa wa akili, akatundika kanga yake msumarini, akachukua aproni. Bila aproni mtu haruhusiwi kuingia zamu. Kamba zake zilifungwa mgongoni, na kila muuguzi alifungiwa na mwenzake, ili mgonjwa asipate kamba ya kushika.

Mwenzake, Spès, alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Siku aliyokufa alikuwa zamu peke yake, akajifungia kamba mbele. Massoudi, mgonjwa aliyekuwa kuli wa bandarini, kila kamba aliyoiona aliivuta akidhani ni ya meli. Akaivuta na ile. Kichwa cha Spès kikapiga ukingo wa saruji.

Sijaona alikuwa bado anahangaika na kamba Spès alipoingia, nguo imepigwa pasi kama kawaida yake.

"Umechelewa," Sijaona akasema.

"Njia ya makaburini iko na matope. Unifungie, dada."

Sijaona akamfunga, mafundo mawili. Kisha akampa mgongo, akangoja. Vidole vya Spès vilipita ndani ya kamba kama moshi.

"Jaribu tena."

"Siwezi, Sija."

Sijaona akaenda kwa direkta wa hospitali, kama alivyokwenda mara tatu kabla ya mazishi na mara mbili baada yake, kuomba muuguzi wa pili kwa kila zamu. Direkta akachungulia dirishani. Spès alikuwa uani, akihesabu wagonjwa.

"Si huyu amerudi? Muko wawili sasa. Na huyu hata chakula hali."

"Bwana direkta, hawezi kufunga kamba."

"Utamufundisha."

Akaandika jina la Spès kwenye orodha ya zamu, mwezi mzima.

Wodini, Massoudi alisimama kwa adabu alipomwona Spès.

"Sista, ile siku boti ilikuwa inaenda. Mi niliizuia."

"Najua, kaka. Kaa chini."

Massoudi hakukaa. Sijaona akazileta kamba za aproni yake mbele, akafunga fundo dogo tumboni, akalifunika kwa viganja viwili. Spès akasimama nyuma yake, mahali pa mwenzake.

Massoudi akatemea mate viganja vyake, akavisugua polepole, kama kuli aliyesikia meli ya Kigoma ikipiga honi.