Upande wa Usukani

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ukitaja jina la Cadeau, hata mtoto aliyekuwa bado anajifunza kusimama alitikisa kiuno. Alizaliwa kambini, akaanza kwa kuimba kwaya, akapanda na kupanda mpaka Lilongwe nzima ikamjua. Picha zake zilibandikwa kwenye vibanda vya mtaa wa Mchesi na milango ya maduka ya Old Town. Basi gari la Cadeau lilipomuua Divin, mume wa Rosette, watu walimlilia Divin huku wakimwombea Cadeau.

Divin alikuwa mwendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Asubuhi hiyo alikuwa akirudi peke yake kutoka barabara kuu, ukungu haujainuka, gari likamkumba kwa nyuma, likaenda mbele na kugonga ukingo wa daraja. Waliofika kwanza walikuta milango wazi na hakuna mtu ndani. Jua lilipotoka, Lukman, mtu wa Kindu aliyembebea Cadeau magitaa tangu zamani, alijipeleka polisi. Alisema yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, bosi wake amesinzia kiti cha pembeni. Cadeau alipoulizwa, akasema vilevile.

Rosette aliamini. Kwa nini asiamini, ikiwa mwenye kosa amekiri kwa kinywa chake? Léoncie, mama yake Cadeau, alikuja matangani akaketi naye mkekani, akalia machozi ya kweli. Wote wawili walikuwa wametoka Uvira, Kongo, mwaka uleule, wakasali kanisa moja. Rosette alimpa bega lake alilie.

Ila polisi hawakuishia hapo. Miezi ikapita, kisha habari zikafika kambini kwamba Cadeau naye atapandishwa kizimbani. Watu wakasema ni wivu, mkimbizi akinyanyuka lazima avutwe miguu. Wengine walidhani Rosette ndiye aliyechochea. Waliokuwa wakimletea vitambaa ashone wakaanza kupita mlangoni kwake kama hawamwoni. Siku ya kesi Rosette alifunga kilemba chake cheusi akaenda Lilongwe kujionea mwenyewe.

Nje ya mahakama vijana walivaa fulana zenye uso wa Cadeau, wakiimba. Ndani, hata askari aliyemsindikiza Cadeau alikuwa akimtazama kwa aibu kidogo, kama mtu aliyetamani kuomba picha. Rosette alishangaa kuona kwamba mwimbaji ni mfupi kuliko alivyomdhania. Lukman aliketi kando ya Cadeau, macho chini.

Ndipo akaitwa mtaalamu wa uchunguzi, mwanamke wa makamo aitwaye Thokozani. Alivaa glavu, akafungua boksi, akatoa kitu cheupe kilichonywea kama puto lililopasuka. Alizungumza Kiingereza bila haraka, na mkalimani aliyeketi karibu na Rosette akayaleta maneno kwa Kiswahili.

“Mfuko huu hukaa umekunjwa ndani ya usukani,” alisema Thokozani. “Gari likigonga, unafumuka na kunywea kabla mtu hajapepesa jicho. Hauchagui uso. Unapokea ule ulio mbele yake.”

Akaeleza kwamba juu ya mfuko palikuwa na damu na mate, na kwamba vinasaba vyake vilipopimwa vilikuwa vya Cadeau. Lukman alikutwa na mchubuko wa mkanda kwenye bega la kushoto, bega la mtu wa kiti cha pembeni. Anayeendesha, mkanda humshika bega la kulia.

Wakili wa Cadeau akainuka. Aliuliza kama damu haikuweza kudondoka wakati mteja wake akijitoa garini kupitia mlango wa upande ule.

Thokozani hakubishana. Aliomba ruhusa kwa hakimu, akaunyoosha mfuko kwa mikono miwili, akauinua.

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Katikati ya weupe ule palikuwa na mdomo. Mdomo wa juu, mdomo wa chini, na mstari mwembamba wa meno, rangi ya kahawia ya damu iliyokauka, umetulia kama uliochorwa. Rosette alihisi nywele zikimsimama chini ya kilemba. Alikuwa amekata vitambaa maisha yake yote, hajaona kitambaa kilichoshika sura ya mtu namna ile. Asubuhi ile ya ukungu hapakuwa na jicho hata moja barabarani, yeye mwenyewe alishakata tamaa ya kujua Divin alikufaje, na kumbe jambo lilikuwa limeandikwa kwa muda mfupi kuliko pumzi, likasubiri limulikwe. Aliinamisha kichwa kama anavyofanya kanisani.

Wakili alimvuta Cadeau mkono wa koti, lakini Cadeau alikwisha simama. Aliomba aseme kwa Kiswahili cha nyumbani, cha Kongo, akamgeukia Rosette.

“Mi njo nilikuwa naendesha, ni mimi, Mama Nicole,” akasema, akimwita kwa jina la binti yake. “Lukman aliniambia nipunguze mwendo. Nikakataa. Nilisikia baiskeli ikivunjika, nikajua ni muntu, nikakimbia.”

Mkalimani akayageuza kwa Kiingereza. Lukman alilaza paji la uso kwenye ubao wa kizimba na mabega yake yakaanza kutikisika.

Cadeau alifungwa. Lukman, kwa uongo wake, alipewa adhabu nyepesi zaidi. Yule askari mwenye aibu ndiye aliyemwambia mwimbaji avue mkanda na saa, naye akavua. Nje, nyimbo zilikuwa zimekatika. Vijana wengine walikunja mikono kifuani, kuficha uso uliochapwa kwenye fulana.

Rosette hakuona furaha. Aliona hofu, ile ya mtu aliyesimama karibu na kitu kikubwa mno: mwendesha kabaza na mtu aliyejulikana na nchi nzima wamewekwa kwenye mzani mmoja, na mzani haukutikisika.

Léoncie, aliyekuwa ameketi nyuma mahakamani, alimfuata taratibu, kitenge kimemlegea kiunoni.

“Mama Nicole,” akasema, “kila siku niliomba Mungu aonyeshe ukweli. Sikujua njo huu.”

Rosette alimfunga kitenge vizuri, akamshika mkono, wakaondoka pamoja kutafuta gari la kurudi Dzaleka.