Bakuli la Tomi

Hoteli ya Khavere, au Mama Triza kama wateja walivyomwita, pale Kariobangi ilikuwa na meza nne, pazia la maua mlangoni, na mbwa chini ya meza ya pembeni. Wageni wapya walishtuka wakikanyaga kitu laini. Wenyeji waliinua miguu tu wakaendelea kula.

Mbwa aliitwa Tomi. Aliletwa kila mchana na Mzee Wanyonyi, mstaafu wa reli, aliyemzika mkewe Ayuma mwaka uliopita. Tomi alikuwa mbwa wa Ayuma. Ploti nzima alikopanga mzee ilijua kwamba akiachwa peke yake nyumbani hulia kilio cha kukata maini. Majirani walikwisha kulalamika. Kwa hiyo popote alipokwenda mzee, Tomi alikwenda naye.

Khavere aliwahurumia wote wawili. Mzee akishamaliza kula, yeye alichukua bakuli moja la plastiki la buluu, akatia mchuzi na mifupa, akalisukuma chini ya meza. Baadaye aliliosha kwa maji moto na sabuni, akalirudisha rafuni pamoja na mengine. Kwao Vihiga mbwa alilishwa kwa chombo chochote kilichokuwa karibu, na Khavere hakuwahi kuona ubaya wake.

Siku moja Wehliye, muuza vitambaa wa duka la jirani, alikuwa anakula chapati na maharagwe kama kawaida yake. Akainama kuokota kitambaa cha mkono. Chini ya meza ya pembeni, Tomi alikuwa analiramba bakuli la buluu, pacha kabisa wa lile la maharagwe lililokuwa mezani mbele ya Wehliye mwenyewe. Wehliye akaweka chapati chini, akalipa, akaaga kwa adabu zake zote, akatoka. Kesho yake hakuja, wala wenzake wa madukani hawakuja.

"Mathee, hiyo dogi inakufukuzia wateja," alisema Sylvance, fundi wa kuchomelea vyuma. "Kwani hii ni hoteli ama boma?"

Khavere alicheka, lakini roho haikucheka. Maharagwe yalibaki sufuriani kila jioni, akayabeba nyumbani mpaka wanawe wakaanza kumnunia. Mwisho akasimama mlangoni, akamngoja mzee.

"Baba, wewe karibu sana. Lakini Tomi abaki nje."

Mzee Wanyonyi alimtazama mbwa, kisha akamtazama yeye. "Sawa, mama," akasema. Akageuka, wakaondoka wote wawili polepole. Khavere aliona haya hata akashindwa kugeuza chapati.

Mzee hakurudi. Watu walisema sasa ananunua mkate na maziwa tu, na amekonda. Na Wehliye naye hakurudi! Hapo Khavere akapandwa na hasira, akafunga leso kiunoni, akaingia duka la vitambaa.

"Mbwa nilishamtoa. Mbona bado hamji?"

Wehliye aliacha mkasi. "Umemfukuza mzee wa watu kwa ajili yangu?"

"Si ulimwona Tomi ukaacha chakula?"

"Tomi nilimwona kila siku, Mama Triza. Kwetu tumechunga mbuzi tukiwa na mbwa. Shida yangu ilikuwa bakuli. Chombo kikirambwa na mbwa, sisi Waislamu tunakiosha mara saba, mara moja kwa udongo. Ningekuambiaje mbele ya wateja, nikuaibishe? Tenga vyombo, kesho utaniona."

Khavere alirudi hotelini. Kosa lilikuwa lake, na aliyeadhibiwa ni mzee wa watu. Hakuweza kujua ni lipi kati ya mabakuli yale lililowahi kwenda chini ya meza, kwa hiyo akayaondoa yote, akanunua ya chuma. Moja la buluu akalitoboa ukingoni kwa msumari wa moto lisichanganyike tena. Kisha akafunga ugali na kitoweo, akachukua na bakuli lile, akaenda kwa mzee.

Alimkuta amekaa kizingitini, Tomi miguuni pake.

"Baba, nimekukosea. Rudini wote. Tomi sasa ana bakuli lake, halitaguswa na mtu. Mimi nilisahau kwamba huwezi kumwacha, jinsi anavyolia."

Mzee alinawa mikono, akamega ugali, akautazama tu.

"Tomi hajawahi kulia, mama," akasema. "Ayuma alikuwa akimwacha hapa kutwa nzima, na hakuna aliyemsikia. Majirani walisikia kilio ndani ya nyumba wakaja kuuliza. Mtu mzima kama mimi ningewaambia nini? Nikasema ni mbwa. Tangu hapo sitoki bila yeye. Nikimwacha, watasikia amenyamaza."

Machozi yalimlenga Khavere, hakuyaficha. Akatia mchuzi kwenye bakuli lenye tundu, akaliweka mbele ya Tomi, akaketi kizingitini kando ya mzee mpaka wote wawili wakamaliza kula.