Mzee Nyama, Mchongaji

Moyoni Kivuva alikuwa ameshawaaga wenzake wa ushirika wa wachongaji. Mdomoni tu ndiko neno lilikokuwa halijatoka. Nahashon, yule mnunuzi wa vinyago ambaye viatu vyake hung'aa hata msimu wa matope, alikuwa amemwahidi kitu ambacho ushirika haukuwahi kumpa mtu: peji yake mwenyewe kwenye intaneti. Unaandika anwani ya duka lake la mtandaoni, kijistari kilichoinama, halafu kivuva. Basi. Sharti lilikuwa moja, achonge kwa Nahashon peke yake, na Jumapili baada ya ibada angeletewa karatasi atie sahihi.

Mzee alivimba kichwa, usiseme! Mtaa mzima wa Mbotela ulipata habari. Mchungaji aliambiwa, muuza maziwa aliambiwa, na Nyamai, rafiki yake wa benchi moja kule ushirikani aliyekuwa amemfukuza Nahashon kwa matusi, aliambiwa mpaka akachoka. Jumamosi Kivuva akavaa koti la kanisani, akamchukua bintiye Ndanu, aliyezoea kompyuta huko ofisini kwao, wakaenda saiba ya Buruburu, kwenye kompyuta za kukodi, kuiona hiyo peji kwa macho.

Ndanu aliandika anwani. Picha ikateremka polepole, mikono miwili imeshika tezo. Chini yake kukaja maneno ya Kiingereza, na Ndanu akamsomea kwa Kiswahili: "Mzee Kivuva alianza kuchonga akiwa mtoto. Kabla ya kukata mti, Kivuva huomba ruhusa kwa mizimu ya mababu zake."

"Mizimu?" Kivuva alikuwa mzee wa kanisa. "Nani alimwambia hivyo? Na hiyo mikono si yangu." Akainua kidole gumba chake, kile ambacho tezo ilikipunguza zamani.

Lakini jina lilikuwa lake, kubwa na jeusi, na alitaka mno kulifurahia. Akajikaza. Mambo ya biashara hayo, alijiambia.

"Hebu tuone kama na Nyamai anayo," akasema, akicheka kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndanu akafuta jina la baba yake, akaandika la Nyamai, ila kwa haraka akabonyeza kabla ya herufi ya mwisho. Peji ikaja vilevile. Mikono ni ileile. Ndanu akatazama mstari wa kwanza, akaurudia kwa macho.

"Soma, mama."

"Mzee Nyama alianza kuchonga akiwa mtoto. Kabla ya kukata mti, Nyama huomba ruhusa..."

Kivuva alidhani anataniwa. Akamwambia aandike kiatu. Mzee Kiatu naye alianza akiwa mtoto. Akamwambia aandike choo, na Mzee Choo akatokea, fundi hodari, mwenye mababu na mizimu yake. Kivuva akapiga meza kwa kiganja. Alikuwa amejisifu kwa mchungaji kwa sababu ya kitu hiki!

Mourine, msimamizi wa saiba, alisogea baada ya kusikia meza ikipigwa.

"Mzee, hapo hakuna peji," alisema. "Wenye duka wako na maneno yameandikwa tayari, yameachwa pengo la jina. Ukiitisha, programu inachukua neno la mwisho la anwani, inaliweka kwa pengo, inakuletea. Peji inatengenezwa hapo hapo. Haijawekwa mahali."

"Basi waambie wanifute."

"Wafute nini, na haiko?"

Nahashon alikuja Jumapili kama alivyoahidi, karatasi mkononi, akaketi bila kukaribishwa. Kivuva akamwambia habari ya Mzee Choo. Yule bwana alicheka mpaka machozi, akayapangusa kwa kitambaa cheupe, na kicheko hicho kilimtia Kivuva kinyaa kuliko peji yenyewe.

"Hiyo ni kompyuta tu, mzee wangu. Mteja wa Ulaya ataandika choo kwa nini?"

"Sitii sahihi," Kivuva alisema. "Na uandike pale kwamba Kivuva hakuchongei."

"Pale hakuna mahali pa kuandika hivyo." Nahashon aliikunja karatasi yake taratibu, wala hakuonyesha kukasirika. "Kuna pengo la jina tu."

"Na vinyago utavitoa wapi?"

"Vijana wa Mukuru wanachonga vizuri siku hizi. Mungu akubariki, mzee."

Akatoka akitabasamu. Kivuva alitema mate nje ya mlango, akavaa viatu, akaenda kumtafuta Nyamai amwambie kwamba huko kwenye intaneti na yeye Nyamai, bila kujua, anamchongea Nahashon.