Safari ya Kumng'oa Dira

Fundi alikuwa na kaka mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha kabisa. Mtaani walimwita Dira, kwa sababu ndiye aliyepanga matembezi yote ya kikundi chao cha kutembea pwani. Si pwani ya kulala mchangani ukipaka mafuta, hapana. Ile ya magenge matupu, mawe makali, na upepo wa kukuvua kilemba ukabaki unakitazama kikienda zake baharini. Jina hilo lilimpanda Dira kichwani likakaa. Aliamua waanzie wapi, wapumzike wapi, na wakati wa kula mayai yao ya kuchemsha watazame upande gani. Ukitafuna ukiwa umetazama bara, alikuja akakugeuza.

"Mandhari iko nyuma yako, mama. Huko mbele ni mbuzi."

Mwaka huu Fundi alikuwa ameamua kumng'oa, na wala haikuwa siri. Baada ya matembezi ya kufunga mwaka, kikundi kingechagua mtu wa kupanga njia za mwaka unaofuata. Tangu kikundi kianze, uchaguzi huo ulikuwa wa makofi: Dira anasimama, watu wanapiga makofi, Dira anakaa. Safari hii Fundi alizunguka nyumba kwa nyumba na futi yake ya kushonea shingoni, akipima watu viuno na kuwaomba kura papo hapo. Bucha, muuza nyama wa kona, alimwahidi. Mama Saluni, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliapa kabisa. Tangu utoto ni Dira aliyetangulia na kuamua kona ya kukata, na Fundi nyuma, puu, puu, kama kopo lililofungwa mkiani mwa mbwa. Alitaka siku moja tu aseme "tunapita hapa," na kaka yake afuate.

Mkutano wa kupanga ulifanyika katika chumba cha Fundi cha kushonea. Ramani ilitandazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, pasi ikakandamiza pembe moja na mkasi mkubwa pembe ya pili. Wote waliinama kuitazama isipokuwa Dira, aliyesimama amekunja mikono kama anakagua gwaride.

"Mama Saluni, hebu soma saa za maji kujaa na kupwa. Kwa sauti, wote wasikie."

"Karatasi si hiyo hapo mbele yako," Fundi alisema. "Huna macho?"

"Kiongozi hasomi. Kiongozi husomewa."

Watu wakacheka. Fundi akajichoma kidole na pini kwa hasira. Aliwaonyesha njia yake: wateremke bondeni kwenye kivuli, wafuate kijito hadi ghuba ndogo ambayo hawajawahi kuikanyaga. Alikuwa bado anaeleza pale Dira aliponyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai, akakipiga kumbo, chai yote ikamwagika bondeni, kijitoni na kwenye ghuba yenyewe.

"Ona," alisema Dira, "njia yako imefurika kabla hatujaondoka."

Fundi alijua kabisa kwamba mtu huyu amefanya makusudi. Hana haya, hana aibu, na kiburi kimezidi. Wiki ile ile alikuwa amepishana na Mama Saluni barabarani, ana kwa ana, akampita kama anapita nguzo ya umeme. Hata studio yake ya picha, iliyomlisha maisha yake yote, aliifunga ghafla bila kumwambia mtu, eti simu zimeua biashara. Watu wa pasipoti walikuwa bado wanamgongea mlango.

Ikapita njia ya Dira, kama kawaida. Wangekwenda kwenye Tao, lile daraja la mwamba lililosimama baharini peke yake, mawimbi yakipita katikati. Dira aliligundua akiwa kijana, na kila mwaka aliwapeleka watu kana kwamba amelichonga yeye.

"Haya, twende kwenye Tao," Fundi alisema. "Na mimi nitakuwa nakuhesabia makosa."

"Leta daftari nene," Dira akajibu.

Siku ilipofika walianzia pale lami inapokwisha. Jambo la kwanza lililomshangaza Fundi ni kwamba kaka yake, ambaye hakuwahi kukubali mgongo wa mtu mbele yake, alikaa nyuma ya wote, eti mchungaji hukaa nyuma ya kondoo. Basi Fundi akashika mbele, akavimba kwa raha. Nyuma huko alimsikia Dira akigonga mawe kwa fimbo na kuwatukana watu kwa upendo. Kila ufa aliujua. "Bucha, kushoto hapo pana shimo. Ukitumbukia usihofu, tumbo litaziba."

Walipopumzika mara ya kwanza, Mama Saluni alikuja kumnong'oneza. "Shoga, kaka yako amenishika bega tangu tulipoanza kupanda. Mimi naona ananitaka."

"Akutake wewe? Kakufanya mkongojo tu."

Walicheka hadi wakashikana mbavu.

Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuizunguka rasi ya mwisho, na ndiye wa kwanza kuona kwamba Tao halipo. Limekwisha. Vilibaki visiki viwili vya mwamba vikitazamana, na lundo la mawe ambalo mawimbi yalikuwa yanalichezea. Moyo ulimuuma kidogo, maana amelijua jiwe lile tangu hajaolewa. Lakini kidogo tu! Kwani papo hapo furaha ilimpanda toka unyayoni. Mtu mzima amewatembeza kutwa nzima kwenda kutazama kitu kisichokuwepo! Na kanuni yenyewe aliitunga yeye, kwamba anayepanga njia lazima aitembee kwanza peke yake. Wenzake wakafika mmoja mmoja, wakasimama, wakatazama baharini, wakatazamana. Fundi aliweka kidole mdomoni akiwatuliza. Alitaka kuiona sura ya kaka yake ikianguka, aione yote, mwanzo hadi mwisho.

Dira alifika mwisho, anahema. Akaipa bahari mgongo na kuwageukia watu, kama alivyozoea wakati wa hotuba yake.

"Kimya hicho ndicho ninachokipenda," alisema. "Kila mwaka nawaleta hapa na kila mwaka mnapigwa na bumbuazi. Sasa msikimbilie simu. Tazameni kwanza."

Ndipo akageuka. Fundi akajiandaa kucheka.

Dira aliinua fimbo akaielekeza pale pale hasa, juu kati ya vile visiki, hewani. "Mnaona mwanga unavyopita pale katikati? Nimepiga picha za nyuso za watu mpaka nimezeeka. Sijapata uso mmoja uliopokea mwanga namna ile."

Na sura yake haikuanguka. Ilikuwa imetulia, imejaa raha, kama ya mtu aliyemkuta rafiki yake nyumbani. Fundi akasahau kucheka. Kikombe cha chai. Saa za maji alizosomewa. Mama Saluni aliyepitwa kama nguzo, na bega lake. Studio! Vyote vilimjia kwa mkupuo mmoja vikamgonga kifuani, akaona aibu ya kutosha kujirusha huko chini kwenye mawe. Mwaka mzima amekuwa akimhesabia mtu upofu wake kwa jina la kiburi.

"Lakini Dira," Mama Saluni alianza, "mbona hilo ta—"

Fundi akamkanyaga mguu, tena kwa buti. "Mbona limezidi kupendeza, ndicho anachotaka kusema," alisema kwa sauti. "Ndiyo, kaka. Tunaliona. Hukukosea."

Watu wote wakamgeukia. Wakamtazama Dira aliyekuwa bado ameinua fimbo hewani, wakamtazama tena Fundi, na taratibu kila mmoja akaelewa. Bucha, ambaye hajawahi kusema uongo bila kuutia chumvi mpaka ukaharibika, alikohoa.

"Aisee! Mwaka huu limenona!" Akatoa simu akapiga picha ya hewa. Kisha akapiga nyingine, ya pembeni.

Wakati wa kula, Dira alikaa kando peke yake juu ya jiwe. Fundi alimpelekea yai na kipande cha mkate, akakaa karibu naye. Walitafuna wakitazama baharini kama ilivyoamriwa.

"Lilianguka lini?" Dira aliuliza.

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Tangu umejua kusema hujawahi kukubaliana na mimi. Siku nilipokuja kukuambia mama amefariki, ulibisha. Leo nakuonyesha jiwe, unaniambia ndiyo kaka, hukukosea. Nilijua hapo hapo. Lilianguka lini?"

"Sijui. Labda mvua zile kubwa."

"Limebaki nini?"

"Visiki viwili. Kama mdomo wa babu."

Dira alicheka, kweli kabisa, mabega yakatikisika. Kisha kicheko kikaisha akabaki anafuta uso kwa mkono wenye chembechembe za yai.

"Na Bucha akapiga picha?"

"Mbili."

"Mshenzi yule," alisema Dira.

"Unaona kiasi gani?"

"Pembeni naona. Katikati ndiyo hamna, kama mtu kaweka kidole kwenye lenzi. Nilimpiga bwana mmoja picha ya pasipoti nikamkata kichwa chote. Kesho yake nikafunga studio."

"Mbona hukuniambia, jamani? Mimi si dada yako?"

"Ungenihurumia. Ungeanza kuniletea uji. Na wewe ukianza kunihurumia, nani tena atagombana na mimi hapa duniani?"

Dira alijipangusa makombo.

"Basi, yameisha. Hakuna haja ya kura. Wakimaliza kula nitasimama niwaambie nimekuachia wewe. Chukua. Bonde lako hilo, na kijito chako."

Kitu alichokihangaikia mwaka mzima kilikuwa hicho, amewekewa mapajani bure, na Fundi alikitazama akaona hakitaki hata kidogo. Alijikuta analia, hasira na huruma zimechanganyika hata yeye hakujua ipi ni ipi.

"Sitaki."

"Umezunguka mji mzima na futi!"

"Nilitaka kukushinda, mjinga wewe! Nani kakwambia uniachie?"

"Kwa hiyo nisimame kwenye kura?"

"Usimame. Na unisengenye kama kawaida yako. Na mimi nitawaambia umetuleta kuangalia mawe yaliyovunjika."

"Ukiwaambia hivyo utashinda."

"Ndiyo nia yangu!"

Chini yao maji yalikuwa yameanza kujaa na ilibidi waondoke. Watu wakakusanya vitu vyao haraka, wote wakijitahidi kutomtazama Dira, na kwa kujitahidi huko wakazidi kumtazama. Fundi alimnyooshea kaka yake mkono ainuke. Dira aliusukuma.

"Usinishike. Wanaona."

"Basi tunarudi kupitia bondeni."

"Bondeni kuna utelezi. Tunarudi kwa juu."

"Kwa juu kuna nini zaidi ya upepo na majivuno yako? Nimesema bondeni!"

"Wewe bonde unalijua tangu lini?"

"Tangu uliponisukuma humo nikavunja jino! Tunashuka hapa, na jiwe la kwanza ni refu, usije ukasema sikukuambia!"

Akatangulia. Njia nzima alibishana naye bila kugeuka, juu ya kila jiwe na kila kona, akipaza sauti makusudi ili kaka yake ajue yeye yuko wapi.