Mkono wa Kulia wa Mama Afi

Jirani yetu Bi Tumu anadai alfajiri ya leo, alipotoka kuwasha jiko, alisikia komwe zikigonga ubao chumbani kwetu, na mtu akicheka. Nikamwambia chumbani tulikuwa wawili tu. Mmoja ni Mama Afi, ambaye tangu apigwe na kiharusi alikuwa hasemi wala hachezi. Mwingine ni mimi, nami nilikuwa nimelala.

"Basi ulicheka usingizini," akasema.

"Nilikuwa naota, Bi Tumu. Ila sikumbuki kucheka."

Na niliyoyaota usiku wa jana ni haya.

Naingia na bakuli la uji wa Mama Afi. Mwenyewe amelala, lakini mkono wake wa kulia haupo kitandani. Umekaa peke yake kwenye kigoda, umevaa pete ya ndoa, unakunywa chai.

"Shikamoo," nasema, maana hata kama ni mkono, ni mkono wa mtu mzima.

"Marahaba, Hidaya. Sukari haikukolea."

Naongeza sukari. Nauuliza kwa nini umemwacha mwenyewe kitandani.

"Aibu," unasema. "Unamwosha, unamlisha, unamgeuza. Kwetu mtu akitendewa wema leo, kesho asubuhi anakwenda kushukuru tena, na anashukuru kwa mkono wa kulia. Mimi siinuki. Kila kukicha nalala pale kama gogo. Nikaona bora nihame."

"Rudi, tafadhali. Hakuna aliyekudai asante."

"Nifunge kwanza kwenye adi. Ukinifunga, nitarudi."

Adi ni mchezo wa kwao Mama Afi, Waewe wa Togo. Marehemu mume wake, Mzee Kombo, alikuwa mpishi wa meli. Alimwoa Lome akaja naye hapa Tanga. Mama Afi alikuwa akisema siku aliyofika hakujua neno hata moja la Kiswahili, akaona wanaume wanacheza bao, na komwe walizoshika ni mbegu zilezile za kwao. Akakaa chini akalia kwa furaha, watu wakadhani amepotelewa na kitu. Mimi alinichukua baada ya mama yangu kufa, nimemaliza darasa la saba na sina pa kwenda. Hakuniuliza najua kazi gani. Alinikalisha mkekani akanifundisha kucheza.

Sasa kila alasiri namwekea ubao karibu, kwa sababu mkono wa kushoto bado una nguvu. Anautazama, halafu anageukia ukutani. Bi Tumu anasema, "Ana kiburi huyo, hata kukuitikia kwa kichwa hataki. Amekukasirikia." Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha. Nimekuwa nikijiuliza nilimkosea wapi.

Basi kwenye ndoto tunapanga. Safu mbili, mashimo sita upande wangu, sita upande wa mkono, komwe nne kila shimo. Komwe moja ilipotea zamani, na badala yake tunatumia kifungo cha shati la Mzee Kombo.

Nazoa shimo la kwanza. Ubao unatanuka. Mashimo yamekuwa vyumba vyenye milango, nami natembea kwenye ukumbi mrefu wenye harufu ya vitunguu nimebeba komwe kwenye kanga, nashusha moja kila mlango.

"Polepole, dada, nyonga yangu mbovu," komwe moja inasema.

"Samahani."

"Usiniombe samahani, nishushe kwa adabu."

Ile ya mwisho ikiangukia chumba chenye wenzake, nawazoa wote naendelea na safari. Chumba kikifika wanne, wanafunga virago wenyewe. "Tumetimia," wanasema. "Mwenye chumba ni nani?" Nikisema ni mimi, wanaingia kwenye kapu langu bila ubishi. Nikisema ni mkono, wanakwenda kwake, na mmoja ananiambia nisihuzunike, sheria ni sheria.

Ukumbi unakuwa soko la Lome. Sijawahi kufika Lome, lakini kwenye ndoto najua bei ya kila kitu. Halafu inakuwa darasa langu la saba, na mkono umesimama ubaoni umeshika chaki.

"Ukiishia kwenye chumba kitupu?" unauliza.

"Zamu inalala, mwalimu."

"Vizuri. Cheza."

Nacheza vizuri kuliko ninavyocheza nikiwa macho. Kapu langu linajaa. Safu ya mkono inabaki tupu kabisa, na zamu ni yangu. Nikizungushia upande wangu tu, mchezo umekwisha, nimeshinda, na mkono unarudi kitandani kwa Mama Afi.

Kifungo kimekaa mlangoni, kimejiegemeza. Kinaongea kwa sauti ya mtu aliyekaa sana jikoni.

"Hidaya, mke wangu alikufundishaje?"

Najua alivyonifundisha. Mwenzako akiishiwa, mshushie. Tumekaa kucheza, hatukukaa kulazana njaa.

"Lakini nikimshushia naweza kushindwa," nasema.

"Unaweza," kinasema kifungo. "Haya, nibebe."

Nazoa shimo langu la mwisho, navuka, nashusha upande wa mkono komwe moja moja. Kifungo nakiweka mwisho, shimo la pembeni kabisa. Mkono unashukuru kwa kuinamisha vidole. Kisha unazoa, unazunguka, unazoa tena, vyumba vya upande wake vinafika wanne wanne, na wote ni wake.

"Umeshindwa," unasema.

"Nimeshindwa."

"Basi sirudi. Nisikudanganye."

Nalia kidogo. Mkono unaniazima kikombe chake nifutie machozi, na mimi nayafutia kikombe.

"Sikiliza," unasema. "Umenilisha, nami nimekula, siwezi kuondoka hivihivi. Mama Afi hana hasira na wewe. Anakuheshimu kupita kiasi, ndiyo shida. Kwetu mkono wa kushoto hautoi, haupokei, wala hauchezi na mtu unayemheshimu. Ni tusi. Anautazama ubao, anautazama ule wa kushoto, anaona heri ageukie ukutani."

"Miezi yote hii?"

"Miezi yote hii. Ila iko njia. Mtu akilazimika kutumia wa kushoto, huomba kwanza. Husema: *mia lo*, yaani niwie radhi, huu ni wa kushoto. Na aliyeombwa akikubali hujibu: *asie*. Yaani huo nao ni mkono. Asipojibiwa, haugusi kitu."

"Mbona hakuwahi kunifundisha maneno hayo?"

"Alikuwa na mimi," mkono unasema. "Angekuomba ya nini?"

Unavua pete, unaiweka kwenye kigoda, unatoka nje. Umeacha chai nusu. Nashika komwe iliyobaki, naishusha, inaangukia chumba kitupu. Zamu yangu imelala. Kwa hiyo naingia chumbani humo, najinyoosha sakafuni, nafumba macho kama sheria inavyotaka.

Nikaamka mkekani kwangu. Kumepambazuka, moshi wa jiko la Bi Tumu unaingia dirishani.

Jana jioni komwe zote nilizitia kwenye mfuko nikaufunga fundo. Sasa mfuko uko wazi na ubao uko sakafuni katikati yetu. Upande wangu umejaa. Upande wa Mama Afi ni mtupu, isipokuwa shimo la pembeni kabisa. Ndani yake kimelala kifungo.

Mama Afi ameketi, ameegemea ukuta. Mkono wa kulia uko mapajani, mzito kama siku zote, na pete haimo kidoleni. Ananitazama. Mdomo wake umepinda upande mmoja, na anahangaika nao kwa muda mrefu. Nikangoja, maana kungoja nakujua.

"Mia lo," akasema.

Mkono wake wa kushoto umesimama juu ya kifungo, vidole vimekunjwa, haugusi kitu.