Nywele za Binti wa Radi

Mkuu wa shule alimtambua kwa sauti kabla ya sura. Mwanamume aliyebisha hodi ofisini alikuwa na upara, tai ya buluu na kitambi cha mtu anayeshinda kitini mchana kutwa. Lakini ile sauti nzito, kama ya mtu anayesemea mtungini, ilikuwa ya Radi.

Miaka ishirini na minane nyuma walikuwa vijana sita katika nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Walifuga misokoto ya nywele mpaka mabegani, wakapiga gitaa, wakachapisha kijarida chao kwa mashine mbovu iliyowapaka wino hadi viwikoni. Watu wazima waliwaita wahuni. Wao walijibu kwamba afadhali uhuni kuliko kuswagwa kama ng'ombe. Siku polisi walipowakamata na kuwanyoa kwa nguvu, mkuu huyu, ambaye enzi hizo aliitwa Cheche, alilia mpaka kwikwi ikamshika. Radi alimfunga kitambaa chake kichwani, akamwambia zitaota tu.

Kisha maisha yakafanya yake. Mmoja akaoa, mwingine akaenda ng'ambo, Cheche akaingia chuo cha ualimu kwa muda tu, na huo muda ukazaa cheo. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Walipungua kidogokidogo, kama maji kwenye sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Juma hilo alikuwa amemrudisha nyumbani msichana wa kidato cha tatu kwa kosa la kusokota nywele, na kumwamuru asikanyage shuleni bila mzazi. Hakujua mzazi mwenyewe ni nani, maana jina la ukoo la Radi hakuwahi kulisikia. Sasa alipomwona mlangoni, moyo ulimruka. Alitumaini, ingawa aliona haya kukiri, kwamba Radi angepiga meza na kumpa vidonge vyake. Alikuwa tayari kushindwa.

Radi alikaa ukingoni mwa kiti na kuomba radhi. Alieleza kwamba yeye ni meneja wa bima, ana kazi nyingi, na mtoto huyu amedekezwa na mama yake. Msichana, aliyeingia nyuma yake, alisimama kando ya kabati la mafaili, mikono kifuani.

"Radi," mkuu akasema taratibu. "Ni mimi. Cheche."

Uso wa Radi ulikunjuka. Kisha akamtupia binti yake jicho, ukajikunja tena.

"Yale yalikuwa mambo ya utoto, mwalimu. Mkasi unao?"

Ulikuwemo kwenye droo. Mkuu angeweza kusema hana. Akautoa, akampa.

Msichana hakubisha. Aliuliza tu wao wawili walijuana wapi, na baba yake, huku akikata, akajibu kwamba ni zamani. Misokoto ilianguka sakafuni mmoja baada ya mwingine. Mkuu alijitia kusoma barua. Walipoondoka, hakumwita mfagizi. Alipiga magoti akazizoa nywele mwenyewe.

Muhula uliofuata alipeleka hoja kwenye kikao cha walimu, sheria ya nywele ifutwe. Mwalimu wa nidhamu alinuna wiki mbili, lakini hoja ikapita. Siku ilipopita akampigia Radi simu kumpa habari.

Radi akasema binti ameomba kuhamia shule nyingine, na tayari ameshaanza huko. Nyumbani anamwamkia baba yake asubuhi, basi. La zaidi hamwambii.

"Siku ile nilidhani utanizuia," akasema.

"Na mimi nilidhani utakataa."

Ili mazungumzo yasiishie hapo, wakaanza kuulizana habari za wale wenzao wanne. Hakuna aliyekuwa na namba ya hata mmoja.